Siku Niliyojificha Migombani

Nimeiona karatasi, Atupele. Mtihani ulishaufanya mwezi wa kwanza ukaanguka, na kesho huendi kuchukua cheti, unakwenda kuurudia.

Basi, limetoka. Sasa marahaba mwanangu, maana najua ukifika hapa utasema shikamoo kwa sauti ndogo kama mtu aliyevunja chungu. Na ndaga, asante, kwa kuni ulizonipasulia kabla ya kwenda Msasani yetu ya hapa Tukuyu kumuaga shangazi yako. Naandika haraka kabla hujarudi. Mvua inapiga bati hata sauti yangu mwenyewe siisikii, na labda ndiyo sababu naweza kuandika.

Sikukupekua. Nilikuwa naweka viazi vya mjomba wako kwenye begi, vile vya Isongole, maana anasema viazi vya Dar vina ladha ya sabuni. Kitabu chako kile kinene kikaanguka, jalada la kalenda likachomoka, karatasi ikatoka. Kiingereza chenu sikijui, lakini neno lile nalijua. Lilikuwa kwenye ripoti ya mjomba wako huyohuyo kila muhula, na baba yangu alikuwa akilijibu kwa fimbo. Nikaona na mwezi. Mwezi wa kwanza. Nikakaa juu ya gunia la viazi.

Ningeweza kukungoja nikuulize. Lakini ungenijibu, Atupele, tena ungenijibu haraka na vizuri, kwa sababu wewe ni wa tumbo langu na sisi hatukosi jibu. Kwa hiyo barua hii nimeiweka palepale ilipokuwa karatasi. Basi halitafika Mbeya hujafungua kitabu.

Habari za kula, kulala na kuangalia mizigo sikuandikii. Una miaka ishirini na minne. Nataka kukwambia kosa langu, nianze na lile dogo, unalolijua.

Siku uliyorudi kutoka Dar mwezi wa kwanza nilikuja stendi na akina mama wa kwaya. Vitenge sare, vigelegele, na yule mama mnene wa sauti ya tatu alikuwa na ngoma. Mama Zuhura alifunga duka lake akaja na kanzu ya kutokea, Mwislamu wa watu kasimama katikati ya kwaya ya Kikristo anapiga makofi kwa ajili yako. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na akili. Akaninong'oneza, "Mama Atupele, muulize mtoto kwanza."

Nikamjibu kwa sauti ili wote wasikie, "Nimuulize nini? Huyu hata mafua hayajawahi kumshinda!"

Ukashuka na lile begi. Uliwaona kwanza, kisha ukaniona mimi. Uso wako nimeukumbuka leo nikiwa juu ya gunia. Siku ile niliutazama sikuuona. Ukasema, "Cheti kitakuja, mama." Nami nikageuka kwa watu, "Mnasikia? Kitakuja! Vyeti vya maana haviji mkononi kama maandazi!" Wakacheka, ngoma ikalia, nawe ukacheza hatua mbili tatu. Ulicheza, mwanangu. Ulikuwa umebeba karatasi ile kwenye begi na ukacheza, kwa sababu mama yako hakukuachia mahali pa kusema.

Kosa hilo ni langu. Wewe ulidanganya, ndiyo, lakini mlango wa kusemea kweli niliuziba mimi kwa mwili wangu, na unajua mwili wenyewe ulivyo.

Sasa usije ukadhani najuta kujivuna. Nitajivuna mpaka mnizike. Ni mama gani mwingine hapa Tukuyu ambaye binti yake anapanda ngazi na suruali, anapitisha waya kwenye dari ya ofisi za kiwanda cha chai, na wanaume wanamshikia ngazi? Walipokuja mabwana wapya baada ya serikali kukiuza kiwanda, si wewe uliyeunganisha kompyuta zao sita zikaanza kuongea? Mimi wa darasa la nne la zamani, rangi za waya zako nazijua kwa mpango wake: chungwa yenye nyeupe, chungwa, kijani yenye nyeupe, bluu, bluu yenye nyeupe, kijani, kahawia yenye nyeupe, kahawia. Nilizisema foleni ya mashine ya kusaga, mwenye mashine akazima injini anisikilize. Wanawake wakasema, "Mwee, huyu mama naye ni fundi!" Sikukataa.

Na najua kwamba mabwana hao wamesema wazi: bila cheti watamleta mtu wa nje. Najua hujalala sawasawa tangu mwezi wa pili. Nilidhani ni furaha.

Ila kilichonitoa jasho leo siyo karatasi. Ni begi. Mtu anayekwenda wiki nne habebi blanketi lake, na mjomba wake ana mablanketi. Habebi cheti cha kuzaliwa. Habebi picha ya bibi yake akaitoa kwenye fremu, fremu akairudisha ukutani tupu akidhani mama haoni. Nimeuliza habari za redio yako, nikaambiwa umempa mtoto wa shangazi. "Amenipa moja kwa moja," mtoto mwenyewe amesema alipopita hapa, anaruka kwa furaha. Moja kwa moja, Atupele.

Kwa hiyo nakisoma kilichomo kichwani mwako. Ukifaulu utarudi. Ukianguka hutarudi, utapotelea huko, na mimi nitakuwa naambiwa na watu kwamba watu wamekuona.

Sasa nakueleza jambo ambalo sijamwambia mtu. Baba yako halijui. Nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hii, na halijui.

Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja na kitu. Tulikaa Masukulu, nyumbani kwa babu yako. Wewe umekulia mjini, mila ile umeisikia kama hadithi ya kuchekesha, lakini sisi tuliishi ndani yake. Mkamwana wa kwetu haonani na baba mkwe wake. Siyo kwamba anamsalimia kwa mbali. Haonani naye kabisa. Ukisikia kikohozi chake njiani unaiacha njia, unaingia migombani, unajifunika uso kwa kanga hadi apite. Jina lake hulitaji. Ukiwa na la kumwambia unamwambia mtu, na mtu huyo amwambie mtu. Ndivyo tulivyomstahi mkwe, na silaumu, ilikuwa na uzuri wake pia.

Na unanijua. Jambo nikilifanya nalifanya mpaka liwe habari. Nilijificha kuliko wakamwana wote wa bonde lile. Kina mama waliwaambia binti zao, "Mtazameni yule. Mwaka wa pili huu, mkwe wake hajaona hata kisigino chake." Nikavimba kichwa. Nilikuwa mdogo kuliko wewe sasa, na ndiyo sifa pekee niliyokuwa nayo.

Ilikuwa mwezi wa nne kama huu, na mvua hii hii ya siku tano bila kupumua. Asubuhi nilishuka mtoni kuteka maji. Palikuwa na daraja la magogo mawili, watu wa pale wote walipita hapo kwenda ng'ambo. Nikaweka mguu mmoja juu ya gogo, nikalisikia linazunguka, kama mtu anayegeuka usingizini. Nikaangalia upande wa pili. Mto ulikuwa umekula udongo wote chini yake. Gogo lilikuwa limeshikwa na mizizi miwili mitatu. Nikaondoa mguu, nikajitwisha ndoo, nikaanza kupanda.

Katikati ya kilima nikasikia kikohozi.

Alikuwa anashuka na panga, anakwenda ng'ambo kukata majani ya ng'ombe, na mbwa wake. Nikaingia migombani. Nikatua ndoo, nikajifunika. Alipita hatua tano kutoka niliposimama. Nilisikia viatu vyake vya mpira vinanyonya matope. Mbwa akasimama akanielekea, akanusa, akaanza kulia kidogo. Na babu yako, ambaye hakupaswa hata kujua kwamba nipo, akamwambia mbwa kwa sauti ya upole, "Njoo wewe. Waache watu na adabu zao."

Alijua nipo, Atupele. Alikuwa ananisaidia kujificha.

Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Daraja. Hata jina lake lisingehitajika, hata kumtazama. Ningesema nikiwa nimempa mgongo, ningesema kwa mbwa, kama yeye alivyosema. Nikaling'ata. Nikafikiri, wakisikia kwamba nimemsemesha mkwe nitakuwa mtu gani? Nikangoja apite, nikaacha ndoo palepale, nikakimbia. Nikakimbia kupanda, kwenda nyumbani, kutafuta wa kunisemea.

Nilimkuta wifi yangu, shangazi yako huyu uliyekwenda kumuaga, anamenya ndizi uani. Nikamwambia, "Mwambie mama amwambie mzee daraja linaanguka." Akasema, "Haya." Mikono yake ilikuwa na utomvu, akamaliza kichane alichokuwa nacho, halafu akaingia jikoni. Nilimsikia mwenyewe: "Mama, wanasema njia ya mtoni imeharibika." Siyo daraja. Siyo mzee. Njia. Na mama mkwe akajibu, akiwa anapuliza moto, "Njia ile ilikuwa mbaya kabla hamjazaliwa. Mzee anaijua."

Basi. Mimi nikasimama pale mlangoni nikaona nimeshasema. Nimetimiza. Ya kwangu yametoka, yaliyobaki ni yao.

Nilikuwa narudi kuchukua ndoo mbwa aliponipita kwenye kilima, peke yake, amelowa hadi masikioni.

Walimpata mchana, chini sana, kwenye matete. Sitakuandikia alivyokuwa. Nitakuandikia kilichotokea msibani, kwa sababu hicho ndicho kilichonikaa. Watu walijaa uani mpaka migombani. Na bibi mmoja wa kuheshimika, mbele ya wanawake wote, akasema, "Ndoo ya mkamwana imekutwa migombani. Mnaona? Hata siku ya mwisho alimstahi mkwewe." Wote wakaitikia. Mtu akanishika bega. Nilisifiwa, mwanangu. Nilisifiwa kwenye matanga ya mtu niliyemwacha apite. Nikainamisha kichwa, wakadhani ni haya.

Shangazi yako naye hajasema kitu mpaka leo kuhusu ule ujumbe. Sijui kama anakumbuka. Nikimtazama anavyomenya ndizi haraka haraka, kama anakimbizwa, nadhani anakumbuka.

Baba yako anaamini mzee aliteleza. Kila mwaka mvua ikianza hukaa barazani kimya siku mbili, unamwona, na wewe ukiwa mdogo uliniuliza, "Baba anaumwa nini?" nikakwambia, "Mgongo."

Watu hudhani nilizaliwa na mdomo huu. Waulize wa kwetu. Nilikuwa mtoto wa kuitwa mara tatu kabla sijajibu. Huu mdomo nilianza kuuotesha baada ya siku ile. Nikajiapiza sitang'ata neno tena, nikawa nasema lililopo na lisilokuwapo, la leo na la mwakani, nikasema mpaka la cheti chako ambacho hakijachapwa. Kumbe nilikuwa nasema kila kitu ili lile moja lisipate nafasi. Leo juu ya gunia ndipo nimeliona. Bado nimo migombani, ila sasa nina kelele.

Unakumbuka ulivyonifundisha kompyuta zinavyoongea? Ulipanga magunzi ya mahindi mezani, hili Tukuyu, lile Mbeya, lile Dar, ukakatakata jani la mgomba vipande. Ukasema, ujumbe haupiti mzima, unakatwa, kila kipande na namba yake, kinapita mkono hadi mkono. Nikakuuliza, "Na kikipotea kimoja?" Ukafurahi sana, ukasema hilo ndilo swali la mtihani. Ukasema yule wa mwanzo hatulii mpaka yule wa mwisho ajibu "nimepata." Asiposikia "nimepata," anatuma tena. Anatuma tena. Halafu ukanionyesha njia nyingine, ya haraka, ambayo anayetuma anatupa tu na kuendelea na yake, ifike isifike. Nikasema, "Huyo ni mjinga." Ukacheka, "Hapana mama, ana kazi zake."

Nilicheka na wewe. Halafu nikatoka nje nikajifanya naangalia kuku. Yule anayetupa na kuendelea na yake ulikuwa unamweleza mbele yake mwenyewe.

Kwa hiyo sikwambii ufaulu. Kusoma unajua kuliko mimi, na mtihani unaujua sasa sura yake, umekutana nao. Ninachokuomba ni kimoja na usipokitimiza sitakuwa na pa kushika. Siku majibu yakitoka, yawe yoyote, piga simu dukani kwa Mama Zuhura. Usimwambie yeye aniambie. Ni mtu mwema lakini na yeye ana mikono yenye utomvu, kama sisi wote. Mwambie aniite, ungoje. Nitakuja nikikimbia, na unajua nikikimbia barabara nzima inajua. Uniambie mwenyewe kwa mdomo wako, na mimi nikujibu, "Nimekupata." Usikate kabla hujasikia neno hilo. Kama simu itakatika, piga tena. Usiseme, basi, nimeshajaribu, yaliyobaki ni yao.

Na ukiwa umeanguka, ndiyo siku hasa ya kupiga. Sauti yako ya siku hiyo naitaka kuliko ya siku ya vigelegele.

Nimelitoa blanketi kwenye begi. Utalikuta hukulibeba, utakasirika. Kasirika. Liko kitandani kwako, nimelitandika. Picha ya bibi yako nimekuachia, akusindikize, lakini fremu yake hapa inamngoja.

Mimi nami nina zangu. Jumapili nitasimama kanisani wakimaliza matangazo, niseme kwamba cheti hakijakuwapo, kwamba mimi Mama Atupele nilisema kabla sijauliza. Yule wa sauti ya tatu atafurahi mwezi mzima, mwache afurahi, hana kingine. Habari ya mwezi wa kwanza sitaisema. Hiyo ni yako, utaisema au utaiacha. Na baba yako nitamwambia. Nitamwambia kabla hujarudi, barazani, mvua ikiwa bado ipo. Sijui atakaa nami au atainuka. Sijui nyumba utakayoikuta itakuwa na watu wangapi ndani yake. Lakini nikimwomba mwanangu apite juu ya gogo linalozunguka, siwezi mimi kubaki kilimani nimejifunika.

Mvua imetulia kidogo, nasikia lango. Umerudi, unapangusa matope kwenye jiwe, unaita "Mama, umelala?" na mimi najifanya sisikii kwa sababu ya bati.

Wageni niliowaita kwenye sherehe ya kurudi kwako sitawarudisha. Niliwaalika kwa cheti. Nimeamua waje kwa ajili yako, na kitakachokuwa mkononi mwako ni juu ya Mungu na vidole vyako. Niliona nyumba ile ya Masukulu ikijaa watu kwa sababu mtu alikwenda safari fupi asirudi, na sitaki kuona tena uani kwangu watu wengi namna ile na mmoja hayupo. Ijumaa jioni utakaporudi nitakuja stendi. Nitakuja peke yangu, bila kwaya na bila ngoma, na nitauliza kwanza. Kesho yake asubuhi watakuja wote, shangazi yako na watoto, Mama Zuhura, kwaya nzima, watu wa Masukulu na mjomba wako akitoka huko na wewe: Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano.